Bi Zuhura na kioo kilichochelewa kuamka

Ni saa saba na robo mchana. Bi Zuhura Abeid anarudi mezani kwake kutoka kuswali adhuhuri katika chumba kidogo nyuma ya masjala. Ofisi imenyamaza, wenzake wengi wamekwenda kula. Anakaa, ananyoosha mtandio, anaondoa kitambaa cheupe kilichodariziwa maua ya zambarau kinachofunika mashine zake mbili.

Kompyuta mpakato iliyo mbele yake haiigusi. Anainama kwanza chini ya meza, anapapasa ukutani hadi vidole vinapoikuta swichi, na kukiwasha kioo kikubwa cha kompyuta kilichosimama pembeni. Taa yake ndogo inawaka rangi ya njano. Bi Zuhura anavuta pumzi, anaitoa, anavuta nyingine. Zikitimia tano anafunua mpakato.

Taa inageuka kijani. Barua aliyoiacha kabla ya swala inajitokeza kwenye kioo kikubwa, na herufi zake ni nene kama za kitabu cha darasa la kwanza.

"Ni hivyo tu," anasema, na kucheka kidogo. "Pumzi tano. Kwa kukosa pumzi tano nilihangaika miezi tisa, na nilikaribia kuondolewa kwenye meza hii."

Bi Zuhura ana miaka hamsini na minane. Ni mpiga chapa katika ofisi moja ya umma mjini Mtwara, ambayo ameomba isitajwe jina. Aliingia kazini mwaka 1974. Mshahara wake ni shilingi laki moja na elfu arobaini kwa mwezi, na anatarajiwa kustaafu mwaka 2010.

Chumba anachofanyia kazi ni kikubwa kuliko mahitaji ya mtu mmoja. Kuna alama za miguu ya meza sakafuni, nne nne, mahali ambapo meza nyingine zilikaa miaka mingi.

"Tulikuwa wapiga chapa watano," anasema. "Mwaka tisini, ukipita hapo nje, ulikuwa unadhani mvua inapiga bati. Mashine tano kwa pamoja! Mkubwa akitaka kuzungumza kwenye simu anatuma mtu aje atuombe tunyamaze."

Kisha likaja zoezi la kupunguza wafanyakazi. Wawili waliondoka mwaka 1994, mmoja akafuata mwaka 1996. Wa mwisho kuondoka alikuwa Hadija, aliyekaa meza ya dirishani, ambaye alirudi kwao Newala mwaka 1998. Ndiye aliyedarizi vitambaa vya kufunikia mashine, kila mtu na rangi yake.

"Tuliandikiana barua hadi mwaka 2001. Yangu ya mwisho haikujibiwa. Niliandika nyingine, nayo kimya." Anakilaza kitambaa mapajani. "Sijui."

Katika chumba hicho zilikuwepo sheria mbili. Ya kwanza ilitoka kwa msimamizi wao wa zamani: mpiga chapa haondoki kitini akaacha mashine wazi, hata kama anakwenda kunywa maji. Vumbi la Mtwara na chumvi ya bahari havina huruma na chuma. Sheria ya pili waliiweka wenyewe mwaka 1993, baada ya umeme kukatika na kurudi kwa kishindo ukaunguza mashine ya umeme aliyokuwa akiitumia Hadija. Tangu siku hiyo kila aliyeinuka alizima swichi ukutani kabla ya kufunika.

Wenzake wameondoka, mashine za chapa zimepelekwa stoo, lakini Bi Zuhura hajawahi kuzivunja sheria hizo.

Kompyuta mpakato ililetwa mwaka 2005, baada ya kompyuta ya zamani ya mezani kuungua. Kioo kikubwa cha ile ya zamani kilikuwa bado kizima. Bi Zuhura aliomba kiunganishwe na mpakato. Alisema shingo inamuuma akiinamia kile kidogo.

"Huo ulikuwa uongo," anasema sasa, bila kuzungushazungusha. "Shingo yangu nzima kabisa. Ni macho."

Yalianza kufifia mwaka 2004, kama mtu anayetazama kupitia pazia. Alidhani ni miwani, akanunua nyingine, haikusaidia. Kwenye kioo kikubwa, akikuza herufi, aliona. Kwenye kile kidogo cha mpakato aliona mwanga tu. Hakumwambia mtu yeyote, wala bintiye Hafsa, aliyeolewa Mbeya.

"Ningemwambia nani? Ukisema ofisini, wanakuhesabu umekwisha. Na mimi nyumbani hakuna anayeniita jina langu. Hapa wananiita. Bi Zuhura chapa hiki, Bi Zuhura barua yangu iko wapi. Hata wakinigombeza, wananiita."

Nyumbani ni chumba cha uani, Shangani, katika nyumba ambayo wenyewe wanaishi Dar es Salaam. Analipa kodi ndogo, shilingi elfu kumi na mbili, kwa sababu anawalindia. Mumewe alifariki mwaka 1996. Jioni hutembea barabara ya pwani, ambako watu hupita wawili wawili na familia kwa familia.

"Nasalimia wote," anasema. "Sura sizioni vizuri, sasa naogopa nisije nikampita mtu ninayemjua bila salamu. Wanaitikia, kisha wanaendelea na mazungumzo yao."

Shida ya kioo ilianza Julai mwaka jana, alipofika mkuu mpya wa ofisi, Bwana Petro, kijana wa miaka thelathini na mitano, mchapakazi na asiyependa kusubiri. Alimkuta Bi Zuhura akiizima mpakato kabisa kila anapokwenda kuswali, na akirudi anaiwasha upya kwa dakika kumi nzima.

"Usiizime, Bi Zuhura," alimwambia. "Ifunike tu, italala. Ukirudi, ifunue, inaamka palepale ulipoishia."

Alitii. Na tangu siku hiyo, mpakato iliamka lakini kioo kikubwa hakikuamka. Kilibaki cheusi.

Wenzake walipoitwa walishangaa. "Mbona hii hapa inawaka vizuri?" walisema, wakionyesha kile kioo kidogo. "Si uendelee na hiki hiki, mama?"

Yeye alitabasamu na kusema sawa. Walipotoka, alikandamiza kitufe cha kuzimia mpaka mashine ikafa, akaiwasha upya. Kioo kikubwa kilirudi, lakini kurasa ambazo hakuwa amezihifadhi zilipotea. Alizichapa tena kutoka mwanzo. Siku nyingine alichapa barua moja mara tatu.

Kazi ilianza kuchelewa. Barua ya maofisa waliokuwa wakienda Kilambo, kwenye kivuko cha mto Ruvuma, haikuwa tayari asubuhi waliyopangiwa kuondoka. Gari lilikwenda bila barua, na maofisa walirudishwa kivukoni. Bwana Petro alimwita Bi Zuhura ofisini kwake.

"Alinisalimu kwanza, shikamoo, kwa adabu zote," anakumbuka. "Kisha akasema, 'Mama, nahisi mashine hizi zimekushinda. Kama hali haijatengemaa mpaka mwisho wa Machi, nitaomba mpiga chapa mwingine, wewe nitakupeleka masjala ukapumzike na mafaili.' Yeye aliona ananihurumia. Lakini hapa wananisomea barua, nami naandika herufi kubwa kwa kalamu nene; masjala ni kusoma miandiko ya watu kwenye majalada ya zamani, wino umefifia. Ningekaa siku moja, ya pili wangejua."

Fundi aliyeitwa ni Mathayo Nakachele, mwenyeji wa Masasi, mwenye meza yake ya kutengeneza redio na kompyuta karibu na soko. Si kijana sana, ana miaka arobaini na kitu. Ni Mmakua, na Bi Zuhura kwa upande wa mama ni Mmakonde wa Mikindani, makabila yenye utani wa jadi, kwa hiyo walianza kutaniana kabla hajafungua hata skrubu moja.

Mara ya kwanza alibadilisha waya unaounganisha mashine hizo mbili. Aliifunika mpakato, akaifunua, kioo kikawaka. Akarudia mara sita, kikawaka mara sita. Akaondoka. Mchana, baada ya swala, kioo kilikuwa cheusi.

Mara ya pili alileta kioo kingine kwa kuazima. Nacho kiliwaka alipokuwepo, kikagoma alipoondoka. Mara ya tatu alikesha nayo mpakato kwenye meza yake, akafuta programu na kuziweka upya, na matokeo yakawa yale yale.

"Wewe mashine hii unaipendelea," Bi Zuhura alimwambia siku hiyo. "Ikikuona inapona, ukitoka inaumwa. Inataka kuolewa Masasi."

"Masasi hatuoi mtu anayelala mchana, mtani," fundi alijibu. "Hiyo ni tabia ya Mikindani."

Lakini usiku ule, anasema Mathayo, hakupata usingizi. "Nilijiuliza, mimi na yule mama tunafanya nini tofauti? Maana mashine haijui nani ni nani. Basi kuna kitu mkono wake unafanya na wangu haufanyi."

Tarehe ishirini na tano Machi, siku chache kabla ya ile aliyoiweka Bwana Petro, Mathayo alifika ofisini saa mbili asubuhi bila mkoba wake wa vifaa.

"Haya, mikono mitupu," Bi Zuhura alisema. "Leo Mmakua umekuja kula?"

"Nimekuja kula. Mna nini?"

"Muhogo."

"Basi nakaa."

Alivuta kiti hadi kwenye alama za meza ya zamani ya Hadija, akakaa. Hakugusa chochote. Alimtazama akichapa, akamshikia karatasi, akasoma gazeti, wakala muhogo na chai. Saa zikaenda. Bi Zuhura anasema ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka kumi kukaa na mtu mwingine katika chumba kile tangu asubuhi hadi mchana.

"Nilisahau kama ameletwa na ubovu wa mashine," anasema. "Nilimweleza habari za Hadija. Nilimweleza mambo mengi, mtu wa watu. Hakuniambia ninyamaze."

Ilipoadhiniwa adhuhuri, Bi Zuhura aliinuka kama kawaida yake. Akafunika mpakato. Akainama, akazima swichi ya kioo ukutani. Akatandaza kitambaa. Fundi aliweka gazeti chini.

Aliporudi, aliondoa kitambaa, akaifunua mpakato, kisha akainama kutafuta swichi ukutani.

"Simama hapo hapo, mtani," alisema Mathayo. "Usimalize."

Kisha akakiwasha kioo kikubwa mwenyewe, nacho kikabaki cheusi. Fundi alipiga makofi mara moja, kama mtu aliyeona goli.

Maelezo yake ni haya. Mpakato ikiamka hutazama pande zote mara moja tu kuona kama kioo kikubwa kipo. Wakati huo kioo kilikuwa kimezimwa ukutani, ni sawa na hakipo. Basi ikapeleka picha kwenye kioo chake kidogo, ikatulia. Kioo kikubwa kilipowashwa, kikikokota miguu kwa uzee wake, hakuna aliyekuwa akikitafuta tena. Yeye Mathayo, katika safari zote tatu, hakuwahi kukizima ukutani. Mafundi hawana desturi hiyo. Ilikuwa desturi ya chumba kile tu.

"Tatizo halikuwa waya wala kioo," anasema. "Ni adabu. Yule mama alikuwa anaamsha mkubwa, halafu ndiyo anawasha taa."

Walijaribu kinyume chake: kioo kwanza, kusubiri taa, kisha mpakato. Kiliwaka. Wakarudia mara nne. Bi Zuhura alikaa chini na kuanza kulia.

Bado kulikuwa na jambo moja. Mathayo alitaka kumfundisha pia vitufe viwili vya kurudisha picha, kama siku moja atajisahau. Aliizubaisha mashine kwa makusudi, picha ikabaki kwenye kioo kidogo. "Nisomee hapo imeandika nini," alisema.

"Imeandika kama kawaida yake," alijibu Bi Zuhura.

Kwenye kioo kidogo yalikuwepo maneno matatu tu, ambayo fundi mwenyewe alikuwa ameyachapa: *Muhogo ulikuwa mtamu.*

Mathayo aliyafuta maneno hayo. Alikunja vipande viwili vinene vya utepe mweupe wa gundi, akavibandika juu ya vile vitufe viwili ili vidole vivipate bila macho. Kisha akaenda kuripoti kwa mkuu wa ofisi.

Ukuta kati ya vyumba hivyo ni wa mbao nyembamba. Bi Zuhura alisikia kila neno.

"Ilikuwa nini, fundi?"

"Waya, mkuu. Nilifunga waya mbovu tangu siku ya kwanza. Kosa langu. Mama hana tatizo lolote."

"Waya? Safari nne kwa waya mmoja? Na barua zangu zote zilizochelewa? Aa, fundi, samahani, safari ijayo nitatafuta mtu mwingine."

"Sawa, mkuu."

Ofisi ile ndiyo iliyokuwa mteja wake mkubwa. Kompyuta sita na mashine mbili za kurudufu. Alipopita mlangoni kuaga alisema tu, "Mtani, kesho upike na samaki."

Bi Zuhura alikwenda nyumbani. Kiti alikuwa amekipata. Mwisho wa Machi ungepita, na yeye angebaki pale hadi 2010, hakuna ambaye angejua. Hakutembea barabara ya pwani jioni ile.

"Nilijiambia nyamaza, ni msaada amekupa," anasema. "Lakini fundi, mtu mwenye watoto wanne wa kulisha, amejipaka matope ili mimi nibaki safi, na mimi nilimdanganya mpaka yeye. Nililala vibaya sana."

Asubuhi aligonga mlango wa Bwana Petro kabla ya kuvua mtandio wa nje.

"Shikamoo, Bi Zuhura."

"Marahaba. Nimekuja kukwambia, haikuwa waya."

Akaeleza yote: swichi, desturi ya kufunika, shingo ambayo haikuwa shingo. Alisema macho yake yameanza kufa tangu 2004 na fundi amelitambua hilo jana akamsitiri.

Bwana Petro aliweka kalamu mezani. "Mimi hapa nilipokaa," aliuliza, "unanionaje?"

"Nakuona shati jeupe na sauti."

"Na miaka yote hiyo unachapa?"

"Nachapa."

Mkuu wa ofisi, anasimulia Bi Zuhura, alifungua droo, akaifunga. Kisha akasema kwamba mama yake huko Songea naye alianza hivyo hivyo, na wao watoto walidhani amekuwa mkaidi. Alichukua simu, akampigia Mathayo, akamwomba radhi mbele yake na kumwambia kompyuta za ofisi ni zake kama zamani. Habari ya masjala hakuitaja. Aliandika karatasi ya ruhusa kwenda kliniki ya macho na kusema, "Kiti kipo, mama. Nenda, halafu rudi."

Daktari alisema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kwamba utando huo hutolewa. Jicho la kushoto litaanza, Jumanne ya wiki ijayo. Bi Zuhura alicheka aliposikia jina la ugonjwa. Alikuwa amejiandaa kwa jina baya zaidi.

Lakini karatasi ya hospitali ilikuwa na mstari aliouacha wazi: jina la ndugu atakayekuja kumchukua. Mgonjwa hatoki peke yake, jicho likiwa limefungwa. Hafsa amejifungua mwezi uliopita, na kutoka Mbeya ni safari ya siku tatu. Karatasi ilikaa kwenye mkoba siku mbili. Siku ya tatu aliipeleka sokoni, kwenye meza ya Mathayo, akaiweka kati ya redio mbili zilizofunguliwa.

Mathayo aliisoma, akachukua kalamu, akajaza jina lake. Penye neno "uhusiano" aliandika "mtani," akamsomea.

"Nesi hatakubali hiyo," Bi Zuhura alimwambia.

"Atakubali. Saa ngapi wanakutoa?"

"Saa tisa."

"Nitakuwa pale saa nane. Ninyi watu wa Mikindani mnaweza kuondoka bila mtu."

Sasa Bi Zuhura anachapa kwa haraka, maana anataka kuacha meza tupu kabla ya Jumanne. Zimebaki barua kumi na moja. Akipona jicho moja, anasema, atakwenda Newala kumuulizia Hadija nyumba kwa nyumba, maana atakuwa anaweza kumtambua mtu barabarani. Hiyo ni ya mwezi wa saba, akipewa likizo.

Kabla ya hapo kuna jambo jingine, na analisema huku akitazama kule mlango uliko.

"Siku watakayonifungua bandeji nimemwomba Mathayo awepo tena. Nataka kumwona. Kila akija namjua kwa sauti na kwa shati. Sijui hata kama ana ndevu."

Kisha anarudi kwenye barua ya kwanza kati ya hizo kumi na moja.